Mambo ya Nyumbani: Watu Wangapi Katika Nyumba Moja?

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo ambalo wazee wetu hawakulipa hata jina, kwa kuwa hawakuwa na haja nalo: sheria ya kupima ni watu wangapi waruhusiwao kukaa na kulala katika nyumba moja. Kwetu mwenye nyumba hakuulizwa hesabu hiyo. Akija mtoto wa ndugu aliyefiwa na mama yake, mkeka ulitandikwa, na maji yakaongezwa chunguni. Akija mgeni, aliambiwa karibu kwanza, na habari ya mahali pa kulala ikafikiriwa baadaye.

Lakini wengi wetu sasa twakaa mijini, katika vyumba vya kupanga. Na wengine wana watoto wao na ndugu zao katika nchi za mbali, Uingereza na Marekani, na huko sheria hiyo yaweza kubisha hodi mlangoni siku yo yote. Basi ni vema tuijue asili yake, wema wake na ubaya wake, ili tusije tukaidharau yenye haki, wala kuiogopa isiyo na haki.

Tuanze na mji wa Glasgow katika Uskoti. Karne ya kumi na tisa mji ule ulijaa viwanda na karakana za merikebu, na watu wakaingia kwa maelfu kutafuta kazi, wengine kutoka milima ya kaskazini, wengine kutoka Ayalandi. Nyumba hazikuzidi kwa mwendo wa watu. Jamaa nzima walikaa chumba kimoja, nao kwa kutafuta senti za kodi wakapokea na wapangaji humo humo. Ndipo mwaka 1862 ikatungwa sheria ya kuzipima nyumba ndogo, yaani zile zisizozidi vyumba vitatu, na ambazo ujazo wake haukupita futi 2,000. Mpimaji alipokwisha kupima urefu, upana na kwenda juu, alipigilia mlangoni bamba la bati lenye hesabu ya ujazo wa nyumba na hesabu ya watu waliopewa ruhusa ya kulala humo. Kila mtu mwenye umri wa miaka 8 na zaidi alihesabiwa futi za ujazo 300, na mtoto wa chini ya miaka 8 nusu yake.

Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Chumba cha futi 10 kwa 10, na kwenda juu futi 9, ni futi za ujazo 900. Basi watu wazima watatu watajaza bamba, au baba na mama na watoto wawili wadogo. Akizaliwa wa tatu, jamaa wamekwisha kuvunja sheria, ingawa hakuna aliyefanya neno baya.

Wakaguzi walikuja usiku wa manane, kwa sababu mchana watu huwa kazini na nyumba huonekana tupu. Waligonga, wakaingia na taa, wakahesabu vichwa. Na watu walipowasikia ngazini, walijificha: wengine chini ya kitanda, wengine kabatini, wengine wakapanda juu ya paa katika baridi ya nchi ile. Mabamba yalizidi hata nyumba zenye bamba zikawa zaidi ya 20,000.

Je, watu wa baraza la mji ule walikuwa wakatili? La, tusiwahukumu hivyo upesi. Homa ya tifasi ilikuwa ikiua watu katika nyumba zile, na wakuu wa mji waliona kwa macho yao kwamba palipo na msongamano ndipo palipo na jeneza. Bwana James Burn Russell, tabibu aliyesimamia afya ya mji tangu mwaka 1872, alitoa hotuba mwaka 1888 juu ya maisha ya chumba kimoja, akawaeleza matajiri mambo ambayo hawakupenda kuyasikia: kwamba mtoto wa chumba kimoja huzaliwa, huugua na hufa mahali pale pale ambapo wenziwe wanakula na kulala.

Hata hivyo maarifa yao yalikuwa nusu. Walidhani kuwa hewa mbovu yenyewe ndiyo iletayo homa, ndiyo sababu wakapima hewa kwa futi. Mwaka 1909 ndipo Bwana Charles Nicolle, tabibu wa Kifaransa aliyekuwa Tunis, alipoonyesha kuwa tifasi huchukuliwa na chawa. Lakini kwa ugonjwa mwingine walikuwa karibu na kweli kuliko walivyojua. Kifua kikuu, ambacho kijidudu chake kilivumbuliwa na Bwana Robert Koch mwaka 1882, huenea kwa hewa. Mgonjwa akikohoa katika chumba kidogo kisicho na dirisha wazi, wote walalao humo huivuta pumzi yake usiku kucha. Jambo hili halijabadilika. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya nyumba na afya, na shauri moja lililomo ni kupunguza msongamano wa watu nyumbani. Basi mtu asiseme kwamba sheria hizi ni za wivu tu. Kuna sababu ya uhai na mauti ndani yake.

Upungufu wa sheria ya Glasgow ulikuwa mahali pengine. Bamba la bati halijengi chumba. Mkaguzi alimhesabu mtu wa tano, akamwambia yeye hana ruhusa. Lakini hakumwambia ana ruhusa wapi. Mtu yule alikwenda nyumba ya jirani, na usiku wa pili akahesabiwa huko. Sheria imwambiayo maskini atoke, isimwonyeshe pa kuingia, huhamisha shida kutoka mlango huu hata mlango wa pili.

Jambo hili lilifahamika kidogo kidogo. Uingereza ilipotunga sheria yake ya msongamano mwaka 1935, mabaraza ya miji yaliagizwa kwanza kwenda kuzikagua nyumba na kujua upungufu ni kiasi gani. Sheria ile ilipanga vipimo viwili, navyo vimo hata leo katika Sheria ya Nyumba ya mwaka 1985. Kipimo cha kwanza ni cha adabu: nyumba huhesabiwa kuwa imesongamana ikiwa mwanamume na mwanamke wenye umri wa miaka 10 na zaidi, wasio mume na mke, hawana budi kulala chumba kimoja. Kipimo cha pili ni cha nafasi: chumba kimoja watu 2, vyumba viwili watu 3, vyumba vitatu watu 5. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hahesabiwi, na wa tangu mwaka mmoja hata kutimiza miaka 10 huhesabiwa nusu.

Twapenda msomaji aangalie mambo mawili katika sheria hiyo. La kwanza, kama nyumba imezidi kwa sababu mtoto aliyekuwa nusu ametimiza umri wa kuhesabiwa mtu mzima, mzazi hana hatia ikiwa amekwisha kuliomba baraza la mji nyumba ya kumfaa. La pili, kama nyumba imezidi kwa sababu ndugu wa jamaa amekuja kulala kwa muda tu, hapo pia hakuna hatia. Yaani hata katika nchi ya vipimo na hesabu, watunga sheria walikumbuka kwamba watoto hukua na kwamba wageni huja. Wahenga wetu nao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kumbe wao nao walijua kutenga mgeni na mkazi!

Hizo ni sheria zihesabuzo watu na nafasi. Lakini iko namna ya pili, nayo ndiyo itupasayo kuitazama kwa makini zaidi, kwa sababu haiulizi tu mko wangapi, bali yauliza ninyi ni nani ninyi kwa ninyi.

Katika Marekani miji mingi hutenga mitaa yake kwa nyumba za jamaa moja moja. Basi hapana budi sheria iseme jamaa ni nani. Kijiji cha Belle Terre, katika kisiwa cha Long Island, karibu na New York, kilikuwa na nyumba kama 220 na watu kama 700. Sheria yake ilisema kwamba watu wa damu moja, au wa ndoa, au wa kulelewa kisheria, wanaweza kukaa pamoja wawe wengi wapendavyo. Bali wasio na udugu wasizidi wawili. Wanafunzi sita wa chuo kikuu wakapanga nyumba moja, na kijiji kikawaambia watoke. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya nchi nzima, na mwaka 1974 mahakimu saba kwa wawili wakakipa kijiji haki. Walisema kwamba kijiji chaweza kutunga sheria ya kulinda utulivu wake, nafasi ya watoto na hewa safi.

Mmoja wa wale wawili waliokataa ni Hakimu Thurgood Marshall, ambaye jina lake si geni katika Afrika ya Mashariki, kwa maana mwaka 1960 alikuwa mshauri wa wajumbe wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House mjini London. Yeye alionyesha jambo la ajabu lililomo katika sheria ile. Jamaa ya watu kumi na wawili na zaidi waweza kubanana katika kibanda, nayo isivunje sheria. Bali wazee watatu waliostaafu, wasio ndugu, hawawezi kukaa katika jumba kubwa lililo karibu nao. Basi sheria hiyo yalinda nini, ikiwa hailindi nafasi?

Yamkini msomaji atasema, Hayo ni ya wanafunzi, sisi tu jamaa, hayatuhusu. Subiri kidogo.

Katika mji wa East Cleveland, jimbo la Ohio, alikuwako bibi mmoja jina lake Inez Moore. Alikaa nyumbani kwake na mwanawe mmoja, pamoja na mtoto wa mwanawe huyo, na mjukuu mwingine, mtoto wa mwanawe wa pili. Mjukuu huyu wa pili aliletwa kwa bibi yake akiwa hajatimiza mwaka, baada ya kufiwa na mama yake. Kwetu sisi hapana la kueleza hapo. Watoto wale wawili ni ndugu, kwa kuwa baba zao ni ndugu. Na mwenye baba nyumbani ni baba wa wote wawili, huyu akimwita baba, na huyu akimwita baba mkubwa au baba mdogo. Lugha yetu yenyewe imekwisha kumtandikia yatima kitanda kabla sheria haijaulizwa.

Lakini sheria ya mji ule ilikuwa imeandika jamaa kwa hesabu yake. Mwenye nyumba aliruhusiwa kukaa na mtoto wake mmoja mwenye watoto, lakini si na wajukuu wa matumbo mawili. Mapema mwaka 1973 Bibi Moore aliandikiwa barua kwamba mjukuu wake wa pili ni mkazi haramu, amwondoe. Bibi hakumwondoa. Akashtakiwa kama mkosaji, akahukumiwa kifungo cha siku 5 na faini ya dola 25.

Na mtu asidhani kwamba hayo yalitoka kwa watu wa rangi nyingine wenye kuwachukia. Wakazi wengi wa East Cleveland wakati ule walikuwa Waamerika weusi, na madiwani wake na msimamizi wa mji vivyo hivyo. Walitaka kuuhifadhi mji wao usisongamane, magari yasizidi barabarani, na shule zisielemewe. Nia yao yaweza kuwa njema. Lakini nia njema ikishika kipimo kibaya hukata mahali pasipostahili.

Bibi yule alikata rufani, hata Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu tarehe 31 Mei 1977. Mahakimu watano kwa wanne waliibatilisha hatia yake. Hakimu Lewis Powell aliandika kwamba heshima ya nchi kwa jamaa haikomi kwa baba, mama na watoto wao tu; babu na bibi, mashangazi na wajomba, na watoto wa ndugu kukaa pamoja ni desturi ya zamani yenye kustahili kulindwa. Akaonyesha tena kwamba sheria ile haikuweza hata kuyapata makusudio yake. Baba na mama wenye watoto wengi, kila mtoto na gari lake, hawavunji kitu. Bali ndugu wawili watu wazima wakikaa pamoja, wamekosa.

Angalieni, ndugu zetu: watano kwa wanne. Kura moja tu ingaligeuka, yule bibi angalibaki mkosaji kwa kumlea mjukuu wake aliyefiwa na mama.

Nasi katika nchi zetu tusidhani kwamba tulikuwa huru na mambo kama hayo. Wakati wa utawala wa kikoloni mjini Nairobi, nyumba nyingi zilizojengwa kwa wafanyakazi Waafrika zilipimwa kwa kitanda cha mwanamume peke yake. Mke na watoto walihesabiwa kuwa ni watu wa mashambani. Aliyemleta mkewe alimleta mahali ambapo hapakuwekwa nafasi yake. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, ambayo asili yake ni ya mwaka 1921, nayo huhesabu nyumba yenye msongamano wa kudhuru afya kuwa kosa la kuondolewa, na bwana afya ana haki ya kuingia na kutazama. Sheria ya afya yaweza kuwa na haki. Bali kujengea watu vitanda vya mtu mmoja mmoja, kisha kuwalaumu kwa kubanana, hiyo si haki.

Sasa tunene na wale wenye jamaa zao huko Marekani, maana wamo wengi waongeao lugha yetu, hasa ndugu zetu waliotoka Kongo, nao aghalabu ni jamaa za watu wengi. Yawapasa kujua haya. Tangu mwaka 1988 sheria ya nchi nzima yakataza mwenye nyumba kumnyima mpangaji nyumba kwa sababu tu ana watoto wa chini ya miaka 18, isipokuwa katika nyumba zilizotengwa kwa wazee na nyingine chache. Tena wizara ya nyumba ya huko ilitangaza mwaka 1998 kwamba watu wawili kwa kila chumba cha kulala ni kiasi cha haki kwa kawaida, lakini si kipimo cha chuma: ukubwa wa chumba na umri wa watoto hutazamwa pia. Na katika miji mingi kanuni ya ujenzi husema chumba cha kulala cha mtu mmoja kisipungue futi za mraba 70, na wakiwa zaidi ya mmoja, kila mtu apate futi za mraba 50. Basi chumba cha futi 10 kwa 10 ni cha watu wawili.

Na zile sheria za kuuliza udugu zimeanza kuondolewa katika majimbo kadhaa. Iowa iliikataza miji yake kuzitumia mwaka 2017, Washington na Oregon mwaka 2021, na Colorado mwaka 2024. Huko hesabu ya watu yaweza kuwekwa kwa ajili ya afya na usalama, bali si kwa kupekua nani ni ndugu ya nani.

Tumalizie kwa mashauri machache ya nyumbani, kwa maana elimu isiyofika chumbani haitufai.

Kwanza, aliye katika nyumba ya kupanga, huku au ng'ambo, na ausome mkataba wake kabla ya kumpokea mkazi mpya, wala asingoje kuulizwa. Mwenye nyumba aambiwaye mapema husikiliza kuliko yule agunduaye mwenyewe. Na mtu akipata barua ya kumtaka amwondoe mtoto au mzazi, asiifiche sandukuni kwa hofu, wala asiitii siku ile ile, bali aipeleke kwa mtu ajuaye sheria.

Pili, tusitumie ukarimu kuwa kifuniko cha uzembe. Madirisha yafunguliwe kila siku. Mtu mwenye kikohozi cha majuma mawili apelekwe hospitali, wala asilazwe na watoto, hata akiwa ndiye mkubwa wa nyumba. Kumwambia hivyo si kumfukuza.

Tatu, wavulana na wasichana waliokua watengewe mahali pao pa kulala, hata kama ni kwa pazia tu. Hilo wazee wetu walilijua kabla ya sheria yo yote ya Uingereza, nao vijana walikuwa na nyumba yao ya kulala.

Nne, mzigo wa jamaa ugawanywe. Aghalabu nyumba moja ya mjini hubeba watoto wa ndugu watano, kwa sababu mwenye nyumba hiyo ndiye mwenye mshahara na haya zamzuia kusema. Ndugu wakae wakasemezane: huyu atamlea nani, na huyu atatoa ada ya nani. Nyumba yenye watu kumi na wawili hujaa si kwa wema wa mmoja tu, bali mara nyingi kwa kunyamaza kwa wanne.

Kipimo cha futi ni kizuri kwa kupima hewa, nasi tukitii. Lakini mtoto aliyefiwa akisimama mlangoni, swali la kwanza lisiwe ana futi ngapi. Liwe hili: tukiungana ndugu wote, ni nyumba ipi kati ya nyumba zetu yenye nafasi yake, na ni nani atakayemchukua leo kabla jua halijatua?